Mama Mbele Anahamia Nyuma

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mlango wa banda umefunguliwa wote, na Mama Mbele amepiga magoti katikati ya turubai la kijani, amezungukwa na vitu kama mtu aliyetolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Mahema mawili. Msumeno wa mkono uliofungwa gunia kwenye meno. Kamba nene, na nyingine nyembamba ya kumrushia mtu akianguka majini. Mapipa ya plastiki ya bluu yenye mifuniko ya kuzungusha. Sufuria tatu zilizoingiana. Soksi za sufu, jozi kwa jozi.

Haandiki popote. Anagusa kila kitu kwa kidole, midomo ikicheza, kisha anakihamisha kutoka kushoto kwake kwenda kulia. Kilichofika kulia kimeshakubaliwa safari.

"Nikiandika nasahau," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuinua kichwa. "Nikigusa, mkono wenyewe unakumbuka. Nimepakia mtumbwi miaka ishirini na sita. Mikono hii inajua kuliko mimi."

Kesho kutwa anaingia mtoni. Ni safari ya siku tano, kutoka hapa barabara inapoishia hadi kwenye daraja la zamani, na katikati ni pori tupu. Hakuna duka, hakuna kijiji, simu inakuwa saa ya mfukoni tu. Safari hii ameifanya mara nyingi mpaka anaweza kuisimulia kona kwa kona huku anakatakata vitunguu. Tofauti ni kwamba mara hii atakaa nyuma ya mtumbwi, na kuna mtu hajafurahi.

Mtu huyo yupo hapo hapo mlangoni. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, magongo mawili yameegemezwa ukutani, na kiti amekigeuza makusudi ili banda liwe mgongoni kwake. Ni mumewe.

"Amenuna," anasema Mama Mbele, na wala hapunguzi sauti. "Wiki ya pili hii. Anakula vizuri, analala vizuri, ila amenuna."

"Naangalia barabara," anajibu mzee.

Barabarani kuna kuku wa jirani.

Mama Mbele anaendelea kugusa vitu vyake. Anasema hahitaji ruhusa, ni mtu mzima na mto anaujua. Anachotaka kutoka kwenye kile kiti ni neno moja tu, nalo ni "nenda". Mpaka asubuhi hii hajalipata.

"Naweza kwenda bila hilo neno, nikafika na nikarudi," anasema. "Lakini sijawahi kuingia mtoni nikiwa nimemwacha mtu nyumbani na kinyongo. Kila mara, mtu wangu alikuwa nyuma yangu. Kama ni ugomvi, tuligombana humo humo ndani."

Hayo majina yao yalitoka mtaani. Kwa miaka yote hiyo mke alikaa mbele na mume alikaa nyuma, na watoto wa hapa, ambao hawana dogo, wakawaita Mama Mbele na Mzee Nyuma. Majina yakawaganda. Hata kwenye zahanati, muuguzi hutokeza kichwa na kuita, "Mzee Nyuma, ingia."

Kila nafasi ina kazi yake. Wa nyuma ndiye mwenye nguvu na ndiye anayeelekeza mtumbwi kwa kafi lake. Wa mbele ndiye macho. Anasoma maji na kupiga kelele: kulia, kulia zaidi, jiwe, gogo, simama.

"Na yeye anajibu, 'Nimeliona,'" anasema Mama Mbele, akiiga sauti nzito ya mumewe. "Uongo mtupu. Angeliona wapi? Mbele yake kuna mgongo wangu na kofia yangu."

Mlangoni mzee anakohoa. Ni kikohozi cha mtu mwenye la kusema lakini amekumbuka kwamba amenuna.

Kabla ya mto, Mama Mbele alikuwa fundi wa maturubai. Alishona vifuniko vya malori, mahema ya sherehe na viti vya magari, kwenye kibaraza kilichonuka gundi na mafuta ya cherehani. Siku moja akaja kijana mrefu, mabega mapana, na hema lililochanika ubavuni. Akalishona. Wiki iliyofuata kijana akarudi na hema lile lile, limechanika upande wa pili.

"Nikaliangalia lile tundu," anakumbuka. "Limenyooka kama mstari wa daftari. Hema likichanwa na mti halichaniki hivyo. Huyu alikata kwa kisu. Nikajua shida yake si hema."

"Lilikuwa bovu," inasema sauti ya mlangoni.

"Sawa, lilikuwa bovu. Na mara ya tatu je?"

Mama Mbele anacheka peke yake na kuhamisha sufuria kwenda kulia.

Walipooana, rafiki aliyekuwa akisafiri na mumewe alikuwa amehamia mjini, na msimu ulikuwa mlangoni. Basi bibi harusi akaambiwa ajiandae, watakwenda kuufungua mto. Akajiandaa alivyojua yeye. Akabeba kioo, akabeba viatu vya wazi, na akabeba mwavuli.

"Mwavuli, hebu fikiria. Nikaufungua ndani ya mtumbwi kwa sababu ya jua. Upepo ukaja ukatubeba mimi, mwavuli na mume wangu hadi ndani ya matete. Nikasubiri kutukanwa. Yeye akaniangalia tu, akasema, 'Umetupatia tanga.'"

Mwavuli ule bado unaning'inia kwenye boriti ya banda, vyuma vyake vimepinda, kitambaa kimekuwa rangi ya chai. Hauna kazi yoyote. Kila mwaka banda likisafishwa huteremshwa, hukung'utwa vumbi na kurudishwa pale pale.

Kuufungua mto ni jambo la watu wa kazi hii ya kupeleka wageni mtoni. Mvua kubwa zikishakatika, kabla mgeni yeyote hajashuka, watu wawili hutangulia kwa mtumbwi mmoja kwenda kuona mto umefanya nini. Mto ukijaa hurudi na sura nyingine. Fungu la mchanga ulilolala mwaka jana limehamia ng'ambo. Mti mkubwa umeanguka na kulala kutoka ukingo hadi ukingo, nao unatakiwa kukatwa njia. Mahali pa kambi pamemomonyoka. Kwenye mawe, maji yanachemka upande ambao hayakuwa yakichemka.

Ndiyo maana mizigo ya mwanzo wa msimu si sawa na ile ya baadaye. Maji bado ni mengi, yana rangi ya udongo na baridi ya kuuma mifupa. Mtu akianguka haogopi kuzama, maana jaketi la kuokolea litamfanya aelee. Anaogopa kutetemeka mpaka vidole vigome kufunga kifungo. Kwa hiyo Mama Mbele anaweka nguo kavu za kila mtu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo haufunguliwi kwa sababu nyingine yoyote.

"Hata uniambie unataka kupendeza, haufunguliwi," anasema.

Kuni nazo zimelowa mpaka ndani, hazishiki moto hata uzibembeleze. Anabeba mkaa kwenye debe. Viberiti anavitenga sehemu tatu, ndani ya pipa la chakula, kwenye mfuko wa nguo kavu na kifuani mwake, vimefungwa nailoni. Chakula ni kile kinachoivishwa haraka na mtu aliyechoka: mchele, unga, maharage yaliyochemshwa yakakaushwa, vitunguu, sukari nyingi, majani ya chai. Juu ya cha siku tano ameongeza cha siku mbili, kwa sababu mto haujaahidi kitu.

Kazi hii ndiyo iliyowalea watoto wao wawili, ambao siku hizi wako mjini na hutuma ujumbe: mama, mpumzike sasa. Msimu mzuri ni miezi minne, na wageni huja kwa makundi tisa au kumi. Miezi iliyobaki Mama Mbele hurudi kwenye cherehani. Msimu uliopita walipeleka makundi matatu tu, halafu ikatokea ile ya ngazi.

Ile ya ngazi inauma kwa sababu haina hata heshima. Mzee Nyuma amepita kwenye mawe ambayo watu wengine huyazunguka kwa miguu, wakiwa wamebeba mtumbwi begani. Amepinduka mara nne na kutoka mzima. Kisha asubuhi moja, jua linawaka, hakuna hata upepo, alipanda ngazi ya hatua tano kuziba tundu kwenye bati la banda, na ngazi ikateleza.

Nyonga ilivunjika. Ilitengenezwa, ikaunga, lakini daktari alisema waziwazi kwamba hatapiga magoti tena wala hatakaa chini. Na kwenye mtumbwi, maji yakichachamaa, lazima upige magoti.

"Mto haukunifanya kitu," anasema Mzee Nyuma, ambaye sasa amesahau kidogo kuangalia barabara. "Nimemalizwa na bati langu mwenyewe."

Hapo ndipo linapokuja lile neno la zamani. Mwaka wa tatu wa ndoa, safari ya kuufungua mto kama hii, mtumbwi ulipinduka kwenye kona ya mawe. Walitokea ukingo mmoja lakini mbalimbali, kila mmoja akidhani mwenzake amekwenda na maji. Walipoonana ukingoni walishikana, wakakaa wakitetemeka, na mume akasema: siku mmoja wetu akishuka kwenye mtumbwi, na mwingine ashuke. Mke akakubali. Wakapeana mikono pale pale, mikono ya barafu.

Hakuna aliyelitaja tena. Lakini msimu huu ulipokaribia, na mke akaanza kutoa vitu vyake vya safari, mzee alimwangalia mara moja, akachukua kiti chake na kukigeuza.

"Nilijua anachowaza," anasema Mama Mbele. Ameacha kugusa vitu na mikono ameiweka mapajani. "Na ana haki, nilikubali. Lakini nilikubali nikiwa na miaka ishirini na tano. Mtu wa miaka ishirini na tano anajua nini kuhusu kushuka? Vijana wawili tunaofanya nao kazi watapeleka wageni mwezi ujao, mto hawajaufungua hata mara moja, watapita kwa kubahatisha. Na mimi niende wapi? Nichukue kiti kingine nikae pale naye, tuhesabu kuku?"

Anayekwenda naye ni wifi yake, mdogo wa Mzee Nyuma. Ni msusi, ana saluni ndogo yenye vioo viwili, mwili wa kutosha na mdomo usiolala. Amelelewa kwenye mto huu huu na kafi analijua tangu utotoni, ila hajaenda safari ndefu tangu aolewe. Amefunga saluni wiki nzima na kuwaambia wateja wake wavumilie nywele zao.

"Nimemwambia kaka," anasema msusi, akiingia bandani na chupa ya chai, "kama unanuna, nuna huku unakunjakunja hema. Kazi zipo. Hataki."

Mipango ya njia hawaifanyi kwa ramani. Kwa miaka yote wamekuwa wakiipanga juu ya meza ya jikoni, na mto ni mkanda wa suruali wa Mzee Nyuma. Huuvua, huulaza mezani na kuukunja kona kwa kona. Bakuli la sukari ni lile jiwe kubwa la siku ya pili. Vijiko ni miti iliyoanguka mwaka uliotangulia. Viberiti ni sehemu za kulala, na uma ni daraja. Wakimaliza, wanakunywa chai ya sukari iliyotoka kwenye jiwe.

Juzi jioni Mama Mbele alimfuata mumewe na kumwomba mkanda.

"Suruali itaanguka," alisema mzee.

"Umekaa. Haiendi popote."

Akautoa polepole, kama mtu anayenyang'anywa kitambulisho, na wanawake wawili wakaulaza mezani. Mama Mbele akaupinda kona zake. Ulikuwa umeshazoea, kila mahali pa kukunja una mstari. Akaweka bakuli, vijiko, viberiti. Msusi akauliza maswali mengi, mengine ya maana. Mzee alikuwa kwenye mlango wa jikoni, amesimama na magongo yake, suruali ameishika kwa kiwiko.

Walipofika kwenye kiberiti cha pili, aliingia. Alinyoosha gongo, akakisukuma kile kiberiti kutoka upande wa ndani wa kona hadi upande wa nje, penye ukingo ulioinuka, akatoka zake. Mama Mbele alikiangalia akaelewa. Kambi ile ya pili ni nzuri maji yakishapungua. Mwanzo wa msimu iko chini mno, ukilala pale unaweza kuamka godoro linaelea.

"Nilitaka kumfuata nimkumbatie," anasema. "Lakini nikaona nisiharibu. Mtu akianza kutoka kwenye kununa, usimshtue."

Saa nane mchana mtumbwi uko majini, nyuma ya nyumba, mahali mto unapopumzika kwenye ghuba ndogo na wanawake wa jirani hufulia. Siku zote hufanya jaribio. Unapakia kila kitu kama utakavyosafiri, mnakaa wawili, mnapiga makafi mzunguko mmoja, mnaona mtumbwi umekaaje. Ukilala sawa juu ya maji, umepakia vizuri.

Mama Mbele anapakia peke yake. Kumwangalia ni raha. Hakuna kitu kinachoshikwa mara mbili. Hema chini, mifuko ya nguo juu yake, msumeno ubavuni, debe la mkaa katikati, na lile pipa kubwa la chakula, ambalo ndilo zito kuliko vyote, mbele kabisa, nyuma tu ya kiti cha wa mbele. Anakaza kamba, anajaribu fundo kwa kidole gumba, anaridhika.

Mzee Nyuma ameteremka hadi ukingoni. Amesema amekuja kupunga upepo.

Msusi anaingia na kukaa mbele. Mama Mbele anaingia nyuma, kwa mara ya kwanza maishani, anapiga magoti na kusukuma kwa kafi. Mtumbwi unatoka. Hata hatua kumi haujafika, na pua imeshazama. Huku nyuma umeinuka mpaka kafi la Mama Mbele linachota hewa, na mbele maji yamefika kidole kimoja chini ya ukingo. Wimbi dogo la mfuaji aliyesuuza shuka linaingia ndani na kumlowesha msusi miguu.

"Wifi," anasema msusi bila kugeuka, ameshika kingo mbili kama mtu aliyebeba yai, "mimi nimenenepa kiasi hiki?"

Wafuaji wanacheka. Wanarudi ukingoni polepole. Mama Mbele anashuka, maji kiunoni, anauzunguka mtumbwi, anaangalia mizigo. Anaona kila kitu kiko mahali pake. Anazunguka tena. Uso wake ni wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta ukuta umehama.

Mzee Nyuma hajacheka. Ameegemea magongo, anauangalia mtumbwi kwa muda mrefu, kisha anaongea, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili anamwangalia mkewe usoni.

"Umenipakia na mimi," anasema.

Mwanzoni mkewe haelewi. Halafu anaelewa.

Mzee ni mtu wa kilo tisini na zaidi. Akikaa nyuma, mtumbwi hukalia makalio, na mkewe ni mwepesi, hawezi kuurudisha. Kwa hiyo tangu ule mwaka wa mwavuli, pipa zito huenda mbele, kwa ajili ya kumsawazisha yeye. Miaka ishirini na sita. Leo mtu mwepesi yuko nyuma, msusi yuko mbele, na pipa limewekwa pale pale, likimsawazisha mtu ambaye amesimama ukingoni.

Mama Mbele anaweka mikono yake miwili juu ya pipa na kuinamisha kichwa. Analia, wala hajifichi. Wafuaji wanageukia nguo zao kwa adabu.

"Mikono haijaambiwa," anasema baadaye, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Kichwa kinajua, nimeshakieleza. Mikono bado inakusubiri uingie."

Mzee anashusha pumzi. Anautafuta mtumbwi mwingine uliopinduliwa ukingoni, anaukalia kwa shida, mguu mmoja umenyooka.

"Lisogeze katikati," anasema. "Nyuma kidogo ya ule ubao. Debe la mkaa lije huku, nyuma kabisa. Na wewe msusi, usicheze kiti."

Pipa linasogezwa. Debe linahamishwa. Wanawake wanaingia tena, na mtumbwi unalala juu ya maji ukiwa sawa kabisa. Wanapiga mzunguko mmoja, wanarudi.

"Sikununa kwa sababu unakwenda," anasema mzee. Maneno haya anayasema mbele ya mwandishi, wafuaji na dada yake, bila kujali. "Nimenuna kwa sababu mimi siendi. Lile neno la zamani nililisema mimi, na nililisema nikitetemeka kwa baridi. Mtu anayetetemeka asishikiliwe maneno yake."

"Kwa hiyo?" anauliza mkewe, ndani ya mtumbwi, kafi mapajani.

"Kwa hiyo nenda."

Mama Mbele anaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. Anauangalia mto.

Mzee ana jambo lingine. Anataka dereva wa lori la mchanga, ambaye kila mwaka huwafuata darajani kuwarudisha na mtumbwi wao, mara hii ampitie na yeye nyumbani. Atakaa kwenye kiti cha mbele, ambacho hakimlazimishi kupiga magoti. Watabeba na kile kiti cha plastiki. Na atakwenda siku ya nne, si ya tano, kwa sababu maji ya mwanzo wa msimu yana haraka.

"Ukifika mapema utakaa juani bure," anaonya dada yake.

"Nimekaa juani wiki mbili naangalia kuku."

Anaulizwa kwa nini asisubiri nyumbani. Anachora mchangani kwa ncha ya gongo.

"Mimi mtumbwi wangu sijawahi kuuona ukija," anasema. "Siku zote nimo ndani. Na huyu," anamwonyesha mkewe kwa kidevu, "nimemwona mgongo. Naujua mgongo wake kwa kila shati. Akiogopa, naona mabega yanapanda. Akicheka, nasikia tu, kicheko kinakwenda mbele. Pale kona ya mwisho, daraja linapotokea, kila mwaka alikuwa anasema 'Tumefika,' na mimi nikawa najiuliza anasema kwa uso gani. Sasa nitasimama darajani nione."

Msusi anajishughulisha na kukamua soksi zake.

Jioni, Mama Mbele amerudi bandani. Upande wa kushoto wa turubai umebaki mtupu. Anafunga mlango, anaangalia juu kwenye boriti, anaushusha mwavuli na kuukung'uta, kisha anaurudisha mahali pake. Anaulizwa mipango yake baada ya safari hii, na anasema hana mikubwa. Anataka kuwafundisha wale vijana kuufungua mto, mwakani mmoja wao akae mbele yake. Anataka kushona upya hema moja, lile la zamani, lenye mishono iliyonyooka. Na anataka kufika salama siku ya tano, au ya nne.

Kuhusu kona ya mwisho, anasema ameshaifikiria tangu mchana. Kuna tatizo moja. Yeye atakuwa nyuma, na mbele yake kutakuwa na msusi mwenye mabega mapana na kilemba.

"Daraja likianza kuonekana," anasema, akifunga komeo, "nitamwambia wifi ainame."